Kanda Alizojilipia Duke Ellington

Mwaka 1959 Duke Ellington aliingia studio mjini New York na okestra yake nzima, akarekodi mfululizo wa vipande sita alioupa jina The Queen's Suite, akalipa gharama zote kutoka mfukoni mwake, kisha akaagiza ichapwe santuri moja tu. Ilikuwa ya Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye Ellington alitambulishwa kwake mwaka uliotangulia kwenye tamasha la muziki huko Leeds, Uingereza. Santuri ilipelekwa Buckingham Palace. Watu wengine wote walisubiri. Ellington hakukubali kazi hiyo iuzwe madukani angali hai, na haikutoka mpaka mwaka 1976, miaka miwili baada ya kifo chake, ilipochapishwa na kampuni ya Pablo katika albamu iitwayo The Ellington Suites.

Habari hii husimuliwa kama kisa cha adabu, na kweli adabu ilikuwamo. Huyu ni mtu ambaye rafiki zake wa utotoni kule Washington walimpa jina la Duke kwa jinsi alivyovaa na alivyojiheshimu. Lakini mimi naona ndani yake jambo kubwa zaidi. Hapa pana mtunzi aliyetengeneza kazi kamili, kwa uangalifu wote wa fundi, bila mnunuzi, bila kampuni, bila tarehe ya kutoka. Na hakufanya hivyo mara moja kwa sababu ya malkia. Aliifanya kuwa desturi ya maisha.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi alipokaribia kufa, okestra ikipata siku ya nafasi kati ya onyesho na onyesho, iwe New York au Chicago, Ellington alikodi studio, akawaita wapigaji wake, akawawekea mbele karatasi zilizoandikwa pengine usiku uliopita, na kanda ikaanza kuzunguka. Studio alilipia yeye. Fundi mitambo alilipwa na yeye. Wanamuziki walikuwa kwenye mishahara yake. Kazi ikiisha, kanda zilitiwa kwenye maboksi na kuhifadhiwa. Vipande vingine havikuwa hata na majina ya kueleweka. Vilipewa herufi nne tu, kama Gigl na Knuf, ilimradi pawe na cha kuandika juu ya boksi.

Kwa hesabu za biashara, hiyo ni hasara tupu. Kwa hesabu za utunzi, sijui kama pamewahi kuwa na matumizi bora ya fedha. Mtunzi wa okestra huandika katika ukimya. Anaandika noti za watu kumi na watano, lakini anachosikia ni kile kilichomo kichwani mwake tu, na kichwa hudanganya. Watunzi wengi wa simfoni wamesubiri miaka kusikia kazi zao zikipigwa mara moja, na wako waliokufa wakisubiri. Ellington alitaka kusikia leo alichoandika jana. Alilisema hilo waziwazi zaidi ya mara moja, kwamba bendi aliiweka ili asikie muziki wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili bendi kubwa za Marekani zilianguka moja baada ya nyingine, hata Count Basie akalazimika mwaka 1950 kupunguza yake ikawa kikundi kidogo. Ellington hakuvunja. Mirabaha ya nyimbo zake zilizopendwa, kama Mood Indigo, Solitude na Sophisticated Lady, ndiyo iliyoziba pengo la mishahara. Nyimbo fupi za miaka ya 1930 zililipia kazi ndefu za miaka ya 1960.

Ili kuona kwa nini alihitaji kusikia, ni lazima kutazama jinsi alivyoandika. Karatasi zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, lililozipata mwaka 1988. Kwenye karatasi za okestra nyingine utasoma tarumbeta ya kwanza, saksafoni ya pili, tromboni ya tatu. Kwenye za Ellington mara nyingi unasoma majina ya watu: Cootie, Tricky, Harry. Aliandika kama fundi cherehani anayekata kitambaa baada ya kumpima mwenye nguo. Noti ile ile ikipigwa na mtu mwingine haikuwa noti ile, na yeye alilijua hilo kuliko mtunzi yeyote wa zama zake.

Harry Carney alijiunga naye mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 17, akabaki mpaka bwana wake alipokufa. Chombo chake kilikuwa saksafoni ya baritoni, ile nzito ya chini, ambayo katika bendi nyingi hupewa kazi ya kushikilia sauti ya msingi. Ellington hakumfunga Carney kwenye msingi. Mara nyingi alimpa ile sauti ya pembeni inayoipa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, rangi yake, na kwa kuwa Carney alikuwa na pumzi pana yenye joto, sauti hiyo ya pembeni ilitoka ikiwa na uzito kuliko zote. Ndiyo maana waliojaribu kunakili okestra hiyo kwa kusikiliza walikwama. Walitafuta msingi chini, kumbe chini pamekaa kitu kingine. Johnny Hodges, kwenye saksafoni ya alto, alikuwa na namna ya kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine kiasi kwamba husikii mahali alipoiacha ya kwanza. Cootie Williams alishika mkononi kikombe cha mpira cha kuzibulia sinki, akakifungua na kukifunga mdomoni mwa tarumbeta mpaka chombo kikaguna na kulalama kama mtu. Mtunzi anayefanya kazi na sauti za namna hiyo hawezi kumaliza kuandika mezani. Anamalizia studio.

Sikiliza Mood Indigo ya mwaka 1930. Mwanzoni zinasikika ala tatu peke yake: tarumbeta iliyozibwa, tromboni iliyozibwa na klarineti. Kwa desturi ya New Orleans klarineti ingepanda juu na kucheza, tromboni ingekaa chini. Ellington aliigeuza. Tromboni ya Tricky Sam Nanton ameipandisha juu karibu na tarumbeta ya Arthur Whetsol, na klarineti ya Barney Bigard ameishusha kabisa chini, kwenye ile sauti yake ya mbao. Sauti hizo tatu zikikutana kwenye maikrofoni hutoa kitu ambacho huwezi kukitaja kuwa tarumbeta, wala tromboni, wala klarineti. Alikuwa ameutunga wimbo huo akifikiria maikrofoni ya redio. Kwa hiyo tangu mwanzo kwake mitambo ya kurekodi ilikuwa ala mojawapo ya okestra.

Lakini mitambo ile ilikuwa na sheria yake kali. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu na kitu. Jazi nzima ya wakati ule ililelewa ndani ya dakika hizo tatu, na Ellington alikuwa bingwa wake. Katika dakika tatu aliweza kuweka mwanzo, mgogoro na mwisho bila haraka yoyote. Hata hivyo hakuridhika. Mwaka 1931 alitoa Creole Rhapsody, iliyochukua pande zote mbili za santuri. Mwaka 1935, baada ya kifo cha mama yake, Daisy, alitunga Reminiscing in Tempo iliyochukua pande nne. Fikiria maana yake kwa ufundi. Kila upande ulipaswa kufikia mahali pa kupumulia, kwa sababu msikilizaji angeinuka kitini, ageuze santuri, aweke sindano upya. Mtunzi alilazimika kuandika huzuni ya kumlilia mama yake huku akihesabu dakika za sahani. Wahakiki waliishambulia. Walitaka muziki wa kuchezea dansi, na huyu alikuwa ameleta dakika kumi na tatu za mtu anayekumbuka. Mimi naiona kuwa kazi yake ya kwanza iliyokomaa kati ya zile ndefu, na ndani yake tayari umo ujuzi ambao ungemfaa baadaye: kurudisha wazo lile lile mara nyingi, kila mara kwa rangi nyingine, ili lisichoshe wala lisipotee.

Tarehe 23 Januari 1943 alipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuziandika. Black, Brown and Beige ilichukua dakika kama 45, na ilikusudia kusimulia historia ya watu Weusi wa Marekani tangu utumwa hadi Harlem ya wakati huo. Sehemu ya kwanza, Black, inafunguliwa kwa Work Song, ngoma nzito kisha okestra ikiinua mzigo. Halafu inafuata Come Sunday, Jumapili ya mtumwa aliyesimama nje ya kanisa akisikiliza, ambayo usiku ule ilipigwa na Hodges. Kisha inakuja Light, ambamo nyimbo hizo mbili, ya kazi na ya sala, zinarudi na kuingiliana. Wahakiki wa muziki wa Kizungu wa kale walisema si simfoni. Wahakiki wa jazi walisema si jazi. Ellington, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha kidonda chake hadharani, aliipiga nzima mara chache tu baada ya hapo, kisha akaacha.

Na hapa ndipo bahati ya kurekodi ilipomgeuka. Tangu Agosti 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani kilikuwa kimewakataza wanachama wake kurekodi santuri, kikidai malipo kutoka kampuni za santuri. Katazo hilo halikuondoka kwa kampuni ya Victor mpaka Novemba 1944. Kwa hiyo kazi kubwa kuliko zote za Ellington ilizaliwa wakati studio zimefungwa. Alipopata ruhusa, mwezi Desemba 1944, Victor ilitoa nafasi ya dakika kama 18 tu: dondoo. Light haikuwamo. Mwaka 1958 alirudi tena kwa kampuni ya Columbia, akiwa na Mahalia Jackson akiimba Come Sunday, na hiyo ni rekodi ya kumtoa mtu machozi, lakini imesimama juu ya sehemu ya kwanza peke yake. Sauti ya usiku wenyewe wa Carnegie Hall ilikuja kutolewa rasmi mwaka 1977, na ubora wake ni wa santuri za zamani zilizochakaa.

Basi aliiendea mwenyewe. Mwaka 1965, kwenye studio za Chicago na New York, bila kuombwa na mtu, Ellington alianza kuirekodi kipande kwa kipande, na mwaka 1971 alikuwa bado anairudia. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa juzuu ya kumi na ya mwisho ya mkusanyiko uitwao The Private Collection. Humo Light imo. Humo zimo dansi za sehemu ya pili, na sehemu kubwa ya Beige iliyokuwa ikisemwa vibaya na watu ambao hawakuwahi kuisikia. Sioni ushahidi mkubwa zaidi wa jinsi alivyoithamini. Mtu aliyeikatia tamaa kazi yake harudi kuilipia baada ya miaka 22.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kati ya Carnegie Hall na kanda hizo kulitokea mambo mawili yaliyobadilisha ufundi wenyewe. Kanda ya sumaku iliingia studio, na mwaka 1948 Columbia ikaleta santuri ya kuzunguka polepole, yenye dakika ishirini na zaidi kila upande. Ellington alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuelewa kwamba huo si urefu tu wa kuwekea nyimbo nyingi. Desemba 1950, katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30, ambayo zamani ilikuwa kanisa na bado ilikuwa na dari la kanisa, aliirekodi upya Mood Indigo kwa zaidi ya dakika 15. Ni wimbo ule ule wa mwaka 1930, lakini sasa umefunguliwa vyumba vyote. Kila mpigaji anaingia na kuona kitu kingine. Ukiisikiliza hiyo baada ya ile ya zamani, utajua kwamba urefu haukumlegeza.

Kisa cha Newport nacho hakiachiki, kwa kuwa kinafundisha thamani ya kanda iliyotunzwa. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la Newport, Ellington alipiga kazi yake ya mwaka 1937, Diminuendo and Crescendo in Blue. Katikati, pale sehemu ya kwanza inapomalizika na ya pili haijaanza, Paul Gonsalves alipiga saksafoni ya tena kwa mizunguko 27 mfululizo, watu wakapanda juu ya viti. Albamu iliyotolewa ikawa miongoni mwa zilizouzwa sana katika maisha yake. Lakini Gonsalves alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni isiyo ya Columbia. Ilikuwa ya redio ya Voice of America. Kwenye santuri alisikika kwa mbali, na sehemu kubwa ya onyesho ilirudiwa studio na kuongezewa makofi. Miongo kadhaa baadaye kanda za redio zilipatikana, zikaunganishwa na za Columbia, na mwaka 1999 watu wakasikia kilichotokea kweli. Kanda mbili zilizokaa mbali miaka yote hiyo zilikuwa na nusu moja moja ya usiku ule.

Sasa nirudi kwa The Queen's Suite, maana hapo ndipo ningependa msomaji akae na kusikiliza. Kazi hii aliitunga pamoja na Billy Strayhorn, mtunzi mwenzake aliyekuwa naye tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, mtu mkimya ambaye mkono wake umo ndani ya nyingi ya kazi hizi kuliko majina ya kwenye majalada yalivyokubali kwa muda mrefu. Kila kipande kinatokana na kitu kizuri cha asili ambacho Ellington alikutana nacho safarini. Alizoea kusafiri kwenye gari la Harry Carney, Carney akiendesha, yeye pembeni akitazama na kuandika. Sunset and the Mocking Bird ilizaliwa Florida, jioni, waliposikia ndege akiita mara moja wakapita. Angalia alivyofanya na mwito huo. Hakuutumia kama pambo la mwanzoni halafu akauacha. Aliuweka mdomoni mwa klarineti ya Jimmy Hamilton, akauacha upite juu ya okestra inayokwenda polepole chini yake, na kila unaporudi kodi zilizo chini zimesogea. Ndege ni yule yule ila jua linazidi kuzama. Hiyo ndiyo namna yake ya kusimulia muda unaopita, bila neno, ndani ya dakika chache.

Northern Lights, yenye mkono wa Strayhorn, ni pana na baridi, sauti za shaba zikiwaka na kuzimika. Kisha The Single Petal of a Rose inaondoa okestra yote. Amebaki Ellington kwenye piano na Jimmy Woode kwenye besi. Mkono wa kushoto unazunguka taratibu, wa kulia unasema wimbo na kunyamaza, unasema tena na kunyamaza. Ni rahisi kuidhania kuwa kitu kidogo. Ukisikiliza mara ya pili utagundua kwamba ukimya umepangwa kama noti, na kwamba mtu huyu aliyekuwa na wapigaji bora wa dunia mle studio alijua pia dakika ya kuwaambia wote wapumzike. Kipande hiki alikipiga mara kwa mara kwenye maonyesho. Mfululizo mzima aliutunza kwa malkia.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya mifululizo mmoja baada ya mwingine, na studio haikupumzika. Strayhorn alikufa tarehe 31 Mei 1967. Wengine walidhani Ellington hataandika tena vile. Aliandika zaidi. Masika ya 1970 ni kipindi ambacho bado kinanishangaza. Mwishoni mwa Aprili alianza kurekodi New Orleans Suite, na ndani yake alikuwa amepanga Johnny Hodges apige saksafoni ya soprano, ambayo Hodges alikuwa ameiacha miaka mingi, katika taswira ya Sidney Bechet, mwalimu wake. Tarehe 11 Mei Hodges alifariki ghafla. Tarehe 13 okestra ilirudi studio. Taswira ya Bechet ilipigwa na Gonsalves kwa saksafoni yake ya tena. Waliokuwa wakiandikiwa kwa majina walianza kuondoka, na mtunzi wao akalazimika kuandika upya akiwa na kiti kitupu mbele yake.

Katika majuma hayo hayo alikuwa pia na kazi ya American Ballet Theatre, dansi ya jukwaani ambayo Alvin Ailey alikuwa akiipanga: The River, mto kuanzia chemchemi hadi baharini, yaani maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Ellington alikuwa njiani na okestra, na muziki ulimfikia Ailey vipande vipande, tena kwa kuchelewa. Wachezaji hawawezi kufanya mazoezi na karatasi. Walihitaji sauti. Kwa hiyo mwezi Mei na Juni Ellington aliingiza okestra studio, akaita na wapigaji wa ziada wa vyombo vya kugongwa, wakarekodi ili wacheza dansi wapate cha kufuata. Onyesho la kwanza lilifanyika New York tarehe 25 Juni 1970, na hata usiku huo lilitangazwa kama dansi saba kutoka kazi ambayo bado inaendelea. Jukwaani ilipigwa kwa mpangilio wa simfoni uliotengenezwa na Ron Collier wa Kanada, wenye nyuzi nyingi. Rekodi ya Ellington mwenyewe ilibaki kwenye boksi, kitu cha mazoezi tu.

Ilipotoka, katika juzuu ya tano ya The Private Collection, nadhani wengi walishtuka kama nilivyoshtuka. Chemchemi, Spring, inaanza kwa piano peke yake, kama mtu anayetafuta. Meander inapinda na kujirudia. The Giggling Rapids inacheka kwa vidole. The Lake inatulia na kutanda, na hapo unasikia kwamba okestra ile, iliyokuwa imetoka kumzika mwenzake, bado ilijua kupumua pamoja. Halafu The Falls, maporomoko, vyombo vya kugongwa vikisukuma na shaba zikibomoka juu yake. Mimi napendelea rekodi hii kuliko mpangilio wa nyuzi. Nyuzi zinaupamba mto. Saksafoni za Ellington zina maji ndani yake. Katika juzuu hiyo hiyo kuna The Degas Suite ya mwaka 1968, muziki wa filamu kuhusu picha za mchoraji Degas ambayo haikukamilika. Hiyo ni kazi nyepesi zaidi, michoro ya farasi na mbio, na sitajaribu kuifanya iwe kubwa kuliko ilivyo. Hata hivyo, bila tabia ile ya kujilipia studio, isingekuwepo kabisa.

Afrika imo ndani ya kazi hizi ndefu, na si kwa mapambo. Liberian Suite aliitunga mwaka 1947 kwa ombi la serikali ya Liberia kuadhimisha miaka 100 ya jamhuri. Mwaka 1966 alikwenda Dakar kwenye tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu Weusi na utunzi mpya mkononi, La Plus Belle Africaine, ambamo klarineti, besi na baritoni ya Carney vinapeana nafasi kwa heshima juu ya mdundo mmoja mrefu. Togo ilipotoa stempu yenye sura yake mwaka 1967, alijibu kwa Togo Brava. Na mwishoni mwa mwaka 1973, akiwa tayari anaumwa saratani ya mapafu, alifika Ethiopia na Zambia. Addis Ababa alipewa nishani na Mfalme Haile Selassie, na akakutana na Mulatu Astatke, kijana aliyekuwa akiunganisha jazi na mizani ya muziki wa Ethiopia. Nusu mwaka baadaye Ellington alifariki, tarehe 24 Mei 1974. Harry Carney alimfuata mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Zilibaki kanda. Mwanawe, Mercer, aliyekuwa mpiga tarumbeta na aliyeendelea kuiongoza okestra, ndiye aliyebeba jukumu hilo. Katika miaka ya 1980 alikabidhi shehena kubwa ya kanda kwa redio ya taifa ya Denmark, mjini Copenhagen, ambako zilisikilizwa, zikaorodheshwa na kurushwa hewani, na baadhi zikatolewa na kampuni ya Storyville ya huko. The Private Collection, juzuu kumi zilizoanza kutoka mwaka 1987, ilileta nyingine, kuanzia rekodi za Chicago za mwaka 1956. Kumekuwa na wanaosema kwamba mtu hapaswi kufunguliwa makabati yake akiwa amekufa, kwamba kama angetaka tusikie angetoa mwenyewe. Kwa Ellington hoja hiyo haisimami. Mtu asiyetaka kazi isikike hailipii studio, halipi fundi mitambo, harudii kipande mara ya tatu mpaka tromboni zikae sawa, kisha akatunza kanda miaka yote.

Iko hoja nyingine nzito zaidi, ile ya tangu 1943: kwamba mifululizo yake si kazi ndefu, ni nyimbo fupi zilizofungwa kamba moja. Ninaikataa, na kanda ndizo zinazonipa nguvu ya kuikataa. Ukisikia jinsi alivyokuwa akibadilisha mahali pa kuunganishia, jinsi Work Song na Come Sunday zinavyosubiriana mpaka Light ndipo zikutane, jinsi mto ule unavyobeba rangi ya kipande kimoja hadi kingine, unaona kwamba alikuwa na kipimo chake cha umoja. Hakuwa akijenga kwa kukuza wazo moja kama wafanyavyo watu wa simfoni. Alijenga kwa kubadilisha watu wanaosema. Mzungumzaji mmoja akimaliza, mwingine anaanza pale pale, na anajua kilichosemwa.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, ninashauri aanze na The Ellington Suites, upande wa malkia, kwa sauti ya kutosha ili baritoni ya Carney isikike ilivyo. Kisha atafute juzuu ya tano kwa ajili ya The River. Akishazoea, ndipo aende kwenye juzuu ya kumi, akae na Black, Brown and Beige kuanzia ngoma ya kwanza, bila kuruka kipande hata kimoja. Ellington aliilipia izaliwe nzima, na ndivyo inavyostahili kusikilizwa.